Fumba Macho, Utazame

Kila magharibi inapokwisha, baraza hugawika mafungu mawili. Wazee wa tungo hushikilia kuwa televisheni imeua ushairi, na kwamba kijana aliyelala na tamthilia hawezi kuamka na vina. Vijana nao huwajibu kwa kutaja tamthilia mpya zinazostahili kutazamwa, na kipimo chao ni mavazi, majumba, machozi na kisa kisichotabirika. Mafungu yote mawili yamepotea njia moja: yanaizungumzia televisheni kana kwamba ni jicho tupu. Tamthilia ni maneno kwanza. Isiyostahili kusikilizwa haistahili kutazamwa.

Anayedai kuwa hadithi ya kigeni ni sumu kwa lugha amesahau visiwa hivi vimekua kwa chakula gani. Ikhwani Safaa, klabu iliyoasisiwa Unguja mwaka 1905, ilianzia kwenye muziki uliokuja kutoka Misri. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliikalisha taarabu katika Kiswahili. Baadaye, sinema za Kihindi na za Kimisri zilipojaza kumbi, washairi wa pwani waliyachukua mahadhi yake na kuyavika maneno yao. Mgeni alikaribishwa, akapewa kanzu, akafundishwa kusema. Ugeni wake haukumdhuru mtu.

Kwa hiyo la kuuliza si kama tamthilia imetoka Uturuki au China, bali imefundishwa kusema na nani. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilioneshwa Tanzania kwa sauti za Kiswahili, na watazamaji wakaipokea kama habari ya mtaani. Na kwa nini wasiipokee? Ugomvi wa mkwe na mkaza mwana hauhitaji pasipoti. Sultan nayo, tamthilia ya Kituruki iliyowafikia watazamaji wa Azam kwa Kiswahili, ilithibitisha kuwa kasri la Suleiman linakaa vyema katika lugha ambayo tayari ina enzi, waziri, kadhi, hazina na fitina. Hizo zilistahili kutazamwa.

Lakini zipo nyingine, nazo ni nyingi, ambazo mdomo ni wa Istanbul, sauti ni ya Kiswahili na fikra ni ya Kiingereza. Mtu anajikwaa na kuanguka, na anayemkimbilia anauliza, "Uko sawa?" Pole imekwenda wapi? Kijana anaingia sebuleni kwa mzee wa miaka sabini na kuanza na shida yake, hakuna shikamoo wala hodi. Mke anamwita mama mkwe kwa jina lake tupu, kisha mtazamaji anatakiwa aamini kuwa anamheshimu. Haya si makosa ya sarufi. Sarufi yake ni safi kabisa. Ni Kiswahili kisichokuwa na mwenyewe.

Wenye vituo watajibu kuwa kazi hii ina mipaka: maneno sharti yaingie katika muda ambao mdomo wa mwigizaji umefunguka. Hoja hiyo ndiyo inayowahukumu. Kuna nani mwingine aliyezoea kuingiza maana kamili ndani ya mizani nane, asipunguze wala asizidishe, kama si mshairi? Kazi ya kuingiza sauti ni kazi ya mizani. Mwalimu Nyerere alipochapisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakuona haya kuwa kiongozi wa nchi na mfasiri wa Shakespeare kwa wakati mmoja, na jina lake likakaa juu ya jalada. Mfasiri wa tamthilia, ambaye maneno yake husikiwa na watu wengi kuliko diwani yoyote, aghalabu hatajwi hata katika maandishi ya mwisho yanayopita mbio.

Yapo pia ya nyumbani ya kusifiwa. Sultana, iliyoanza kuoneshwa Citizen ya Kenya mwaka 2022, iliipeleka pwani katika sebule za bara. Mhusika wake mkuu ni binti asiyeona, anayeujua ulimwengu kwa sikio, na mtazamaji angefaidika kwa kujifunza kwake. Mwaka huohuo Country Queen ilifika Netflix na wahusika wanaochanganya Kiswahili, Kikamba na Kikikuyu kama watu wanavyochanganya kwa kweli, katika kisa cha ardhi inayogombewa na kampuni ya madini. Ukali wa kisa hicho umo katika ndimi zake.

Na Unguja? Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1974, tena kwa rangi, miaka ishirini kabla ya Tanzania Bara kupata kituo chake cha kwanza. Kisiwa kilichotangulia kuona rangi hakiwezi kuridhika kuwa mtazamaji wa maneno ya wengine, ilhali watunzi wamejaa mabarazani. Waitwe, walipwe, watajwe majina.

Hadi hapo, mtazamaji anacho kipimo kisichohitaji mhakiki. Tamthilia mpya ikianza, na afumbe macho kwa onesho moja. Akisikia watu wanazungumza, afumbue atazame. Akisikia maneno tu, azime.