Nguo ya Kuazima

Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii niliisoma kwanza darasani, lakini nimeielewa katika karakana ya kaka yangu mjini Arua, asubuhi ambayo kompyuta yake iliwaka ikiwa na maandishi mekundu mahali palipokuwa na michoro.

Kaka yangu alihitimu uhandisi wa mitambo miaka mitatu iliyopita. Chuoni alifundishwa kuchora kwa AutoCAD, akitumia leseni ya mwanafunzi isiyolipiwa, na alikuwa hodari kiasi cha wenzake kumwita Profesa. Siku ya mahafali alipewa cheti, na leseni ikafikia mwisho. Kuikodi programu hiyo kwa mwaka mmoja ni karibu dola 2,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 7 za Uganda. Karakana yake ina mashine mbili za kuchomelea, grainda moja na paa la mabati. Basi akafanya wanavyofanya wengi: akanunua dukani flashi yenye programu iliyovunjwa kufuli, kwa bei ya sahani chache za chakula. Ilifanya kazi miezi minane. Mwezi wa tisa kirusi kikayafunga mafaili yake yote na kudai malipo. Ndani yake mlikuwa na michoro ya kenchi za paa la shule, na zilibaki siku sita kuikabidhi. Tulikesha usiku tatu tukiichora upya kutoka kwenye karatasi zilizochapishwa awali, nyingine zikiwa na madoa ya oili.

Usiku wa pili aliniambia, “Mdogo wangu, mimi si mwizi. Lakini nimesomea kazi ambayo siwezi kuifanya bila kuiba.”

Maneno hayo ndiyo yaliyoniketisha kuandika insha hii. Hoja yangu ni moja: idara zetu za uhandisi na usanifu majengo zitufundishe kuchora kwa programu ambazo mhitimu anaweza kuzimiliki kihalali kesho yake baada ya mahafali. Programu za gharama kubwa zije baadaye, kwa wanaozihitaji. Kufanya kinyume cha hapo, kama tunavyofanya sasa, ni kuwaandaa vijana kuwa wapangaji wa kudumu au wezi.

Tuanze na bei, maana watu huizungumzia kijuujuu. AutoCAD ilipotoka Desemba 1982 iliuzwa kwa takriban dola 1,000. Zilikuwa pesa nyingi, lakini ukishanunua umenunua. Diski ni yako, na hakuna wa kuja kuichukua. Mwaka 2016 kampuni ya Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu kwa programu zake nyingi, na tangu hapo unakodi. Ukiacha kulipa, programu inakoma kufanya kazi. AutoCAD LT, iliyopunguzwa uwezo, hukodishwa kwa karibu dola 500 kwa mwaka. Kwa mhandisi wa London hiyo inaweza kuwa kazi ya siku chache. Kwa kaka yangu ni mageti mangapi? Ni madirisha mangapi ya kuchomelea kabla hajajilipa hata shilingi moja?

Najua jibu la haraka mtakalonipa: “Lakini sisi wanafunzi tunapewa bure!” Ni kweli. Tusome basi masharti yake. Leseni ya elimu hutolewa kwa mwaka mmoja, na huongezwa mradi bado u mwanafunzi. Ni ya kujifunzia tu. Kazi yoyote ya malipo hairuhusiwi. Maana yake, mwanafunzi anayemchorea jirani ramani ya nyumba wakati wa likizo ili apate nauli ya kurudi chuoni amekwisha kuvunja mkataba. Ninalijua hilo kwa sababu nimelifanya mwenyewe, na sikuwa nimeusoma mkataba. Fusion, programu nyingine ya kampuni hiyohiyo, ina leseni ya bure ya matumizi binafsi, lakini nayo hairuhusu biashara ya maana, na huruhusu nyaraka kumi tu zinazoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja.

Siilaumu kampuni kwa kuuza bidhaa yake. Mfanyabiashara ana haki ya kupanga bei, na kuwapa wanafunzi chakula cha kuonja ni ujanja halali wa sokoni. Ninaowalaumu ni sisi tunaoonjeshwa, tukadhani tumeshapikiwa.

Sasa tuje kwenye uwezo, kwa sababu bei peke yake si hoja. Chombo cha bure kisichofanya kazi ni ghali kuliko cha dola 2,000. Muhula uliopita tulipewa zoezi la kusanifu mashine ya kukatia majani ya ng'ombe: shafti, beringi mbili, gurudumu lenye visu, na fremu ya chuma cha pembe. Niliichora mara mbili, kwanza kwa AutoCAD, kisha kwa FreeCAD, programu huria iliyoanza kutolewa mwaka 2002, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua, kuitumia kwa biashara na kumgawia mwenzake bila kuvunja sheria.

Katika uchoraji wa bapa, yaani mistari, vipimo na maandishi, AutoCAD ilishinda, na sitaficha. Ni nyepesi mkononi. Unaandika amri ya herufi moja na mstari unatokea. Lakini mhadhiri alipotuambia tubadilishe kipenyo cha shafti kutoka milimita 25 hadi 30, mambo yaligeuka. Katika AutoCAD nilirekebisha kipande kimoja baada ya kingine: shafti, tundu la gurudumu, nyumba za beringi, kisha michoro yake yote. Katika FreeCAD nilikuwa nimeweka vipimo kwenye jedwali. Nikaandika 30 mahali pa 25, na sehemu zote zinazotegemea kipimo hicho zikajijenga upya, pamoja na michoro ya karakana. AutoCAD ilizaliwa kama ubao wa kuchorea, na FreeCAD imejengwa kwa ajili ya vitu vinavyobadilika vipimo. Ndani ya FreeCAD hiyohiyo mna sehemu ya kukadiria jinsi chuma kinavyopinda chini ya mzigo, na sehemu ya kuandaa maagizo ya mashine za kukata zinazoongozwa na kompyuta. Yote hayo bila kulipa senti.

Ina kasoro zake, na asiyezitaja anawadanganya wenzake. Hukwama ghafla, kwa hiyo jifunze kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache. Kwa miaka mingi ilikuwa na ugonjwa mmoja sugu: ukibadilisha tundu la mwanzo, vipande vilivyojengwa juu yake vilisahau vimeshikilia uso upi, na kazi nzima ikavurugika. Toleo la 1.0 la Novemba 2024 limepunguza sana tatizo hilo, na likaongeza sehemu yake ya kuunganishia vipande. Hata hivyo, kwa mashine yenye mamia ya vipande, SolidWorks bado iko mbele. Na ofisi kubwa ambapo wasanifu, wahandisi na watu wa umeme wanafanya kazi juu ya jengo moja haitaiacha Revit kesho kwa sababu ya insha yangu.

Kwa ramani za kawaida za nyumba na michoro ya bapa ipo LibreCAD, nayo ni huria. Kifurushi chake ni makumi ya megabaiti tu, na huendeshwa hata na kompyuta kuukuu ambayo AutoCAD ya leo, inayodai angalau gigabaiti 8 za kumbukumbu, haiwezi kuigusa. Haina umbo la pande tatu, na mafaili ya DWG huyasoma kwa shida. Anayelazimika kuishi na DWG kila siku anaweza kuitazama BricsCAD, inayotengenezwa Ghent nchini Ubelgiji, ambayo huyafungua mafaili hayo moja kwa moja na bado huuza leseni ya kudumu. Bei yake ni mamia ya dola, si kidogo. Lakini mtu anaweza kuweka akiba, akanunua mara moja, akalala usingizi.

Kumbe basi chaguo zipo, kila moja na kazi yake na bei yake. Ajabu ni kwamba katika miaka mitatu ya masomo sijaona hata mara moja chaguo hizi zikiwekwa mezani na kulinganishwa. Tunafundishwa kuchagua chuma kwa kulinganisha nguvu na gharama. Tunafundishwa kuchagua beringi kwa kulinganisha mzigo na muda wa kuishi. Lakini chombo tutakachokishika kila siku ya maisha yetu ya kazi tunapewa kimoja tu, kama mtoto anayelishwa uji.

Nilipowasilisha zoezi langu la FreeCAD, mhadhiri mmoja, mtu ninayemheshimu na aliyenifundisha mengi, alilirudisha bila kulifungua. “Leta DWG,” alisema, “viwandani hawaijui hiyo.” Kwa heshima zote, naomba nimjibu hapa, kwa kuwa siku ile nilinyamaza.

Mosi, viwanda vipi? Kampuni kubwa za ujenzi zinatumia AutoCAD, sawa, na zina uwezo wa kulipia leseni za wafanyakazi wao. Lakini wengi wetu hatutaajiriwa huko. Tutakwenda kwenye karakana za Katwe, kwenye ofisi za watu wawili zenye kompyuta moja, au tutajiajiri kama kaka yangu, ambaye baadhi ya wateja wake huvuka mpaka kutoka Ariwara nchini Kongo. Huko anayelipia leseni ni wewe.

Pili, anayejua kuchora hajui vitufe, anajua kuchora. Ukifahamu makadirio, mikato, vipimo na ustahimilivu wake, kuhama kutoka programu moja hadi nyingine ni kazi ya majuma machache. Fundi aliyejifunzia nyundo ya mpini mwekundu hashindwi na ya mpini mweusi. Ikiwa mhitimu wetu hawezi kuhama, basi tulimfundisha bidhaa, hatukumfundisha taaluma.

Tatu, mtengenezaji wa shafti anahitaji umbo na vipimo, na hayo hubebwa vizuri na muundo wa STEP, ambao ni kiwango cha kimataifa, ISO 10303. Michoro ya bapa hubebwa na DXF, iliyotoka pamoja na AutoCAD yenyewe mwaka 1982. Kudai DWG peke yake ni sawa na mwalimu wa insha kukataa karatasi kwa sababu haikuandikwa kwa kalamu ya kampuni fulani.

Liko pia jambo ambalo hatulisemi kwa sauti. Sote tunajua programu zilizo kwenye kompyuta zetu za mabwenini zimetoka wapi. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, nayo inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Tunaketi katika somo la maadili ya uhandisi asubuhi, na jioni tunafanya zoezi kwa programu ya wizi, na hakuna anayeuliza. Mhandisi anayezoea kufumba macho kwenye leseni atafumba macho kwenye kipimo cha nondo pia. Sitaki tufike huko.

Mnaosoma Kiswahili pamoja nami mtauliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu sana. Menyu za FreeCAD hutafsiriwa na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, na yeyote anaweza kujiunga. Programu iliyofungwa itazungumza Kiswahili siku mwenyewe atakapoona faida. Iliyo huria inaweza kuzungumza Kiswahili siku sisi tutakapoamua. Mwanafunzi wa lugha akiketi na mwanafunzi wa uhandisi wakabishana neno gani lifae kwa mkato, ustahimilivu au uso wa kipande, msamiati utakaopatikana utamfaa fundi wa Arua na wa Ariwara kwa pamoja. Tumekuwa tukilalamika kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Basi hapa pana kazi inayotusubiri.

Naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti mpya. Mwaka wa kwanza na wa pili tufundishwe kwa LibreCAD na FreeCAD, na programu za kulipia zifundishwe mwaka wa tatu na wa nne kwa leseni halali. Kazi za wanafunzi zipokewe katika STEP, DXF au PDF, bila kujali zimechorwa kwa nini. Na liwepo somo moja, hata la saa mbili, ambapo bei, masharti ya leseni na uwezo wa programu hizi vinawekwa ubaoni mbele yetu, tuchague tukiwa na macho wazi.

Kaka yangu sasa anachora kwa FreeCAD. Huitukana karibu kila wiki inapokwama, kisha huiwasha tena na kuendelea na kazi. Juzi alimchorea mteja mashine ya kusaga muhogo, akampa michoro pamoja na faili lenyewe, na alipoulizwa programu hiyo kaipata wapi, alijibu bila kuangalia pembeni. Ningependa kila mhitimu wa darasa langu aweze kulijibu swali hilo hivyohivyo.