Tuzibe nyufa za dohani kabla ya baridi

Wahenga walinena kwamba penye moshi hapakosi moto. Nami naongeza kuwa penye moto hapana budi pawe na njia ya kuutoa moshi, na njia hiyo isipotunzwa, moto uliokokwa kwa ajili ya kumfariji mtu humgeukia ukawa adui yake.

Nalisema hili kwa sababu ya dohani zinazochomoza juu ya mapaa ya nyumba katika nyanda zetu za juu: Limuru, Molo, Eldoret, Nanyuki, na hata mtaa wa Karen jijini Nairobi. Baadhi ziliachwa na walowezi. Nyingine ni za majumba yaliyojengwa majuzi. Ifikapo Juni na Julai, familia hukusanyika mbele ya meko na kuota moto. Lakini ukimuuliza mwenye nyumba ni lini dohani yake iliposafishwa mara ya mwisho, aghalabu atakutazama tu kwa mshangao.

Si moshi wote unaotoka nje. Unapopanda na kukutana na kuta baridi za dohani, huacha masizi pamoja na utando mweusi unaonata mithili ya lami. Kuni mbichi za mkaratusi au mwati huuzidisha utando huo. Ndiyo maana wataalamu hushauri kuchoma kuni ambazo maji yake hayazidi asilimia 20. Utando ukishika moto, joto ndani ya dohani laweza kupita nyuzi 1,000 za selsiasi. Matofali hupasuka, na mbao za paa huwaka.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Dohani ikizibwa na masizi au kiota cha ndege, gesi ya kaboni monoksaidi hurudi chumbani. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyeivuta huumwa kichwa, akalegea, akadhani ni usingizi wa kawaida, kumbe ni wa milele. Gesi hiyo ndiyo inayowaua watu wetu kila msimu wa baridi wanapolala na jiko la makaa katika vyumba vilivyofungwa. Tofauti ni kwamba mwenye dohani hujidhania yu salama.

Tuna methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa dohani, methali hii si mafumbo. Kama koti lilivyo na bitana, dohani nayo yahitaji bitana ya vigae vya udongo uliochomwa, ya saruji inayohimili moto, au ya bomba la chuma kisichoshika kutu, ili moto na gesi visipenye kwenye nyufa za matofali. Uingereza iliifanya bitana kuwa sharti katika kanuni zake za ujenzi miaka ya 1960.

Waingereza hao walijifunza kwa gharama kubwa. Kwa muda mrefu waliwapandisha watoto ndani ya dohani kukwangua masizi. Mnamo 1775 daktari Percivall Pott alieleza jinsi masizi yalivyowasababishia wasafishaji saratani ya korodani. Hata hivyo, ilipita miaka 100 kamili, na mvulana George Brewster akafariki baada ya kukwama ndani ya dohani mnamo 1875, ndipo sheria ikawataka wasafishaji wawe na leseni na desturi hiyo ikakoma. Ujerumani nayo huwalazimisha wenye nyumba kusafisha na kukaguliwa dohani zao. Tangu 2013 wamepewa uhuru mkubwa zaidi wa kumchagua msafishaji, lakini hawakupewa uhuru wa kutosafisha.

Sisi je? Nikiwa mwanaisimu, naona kwamba lugha yetu inalo neno dohani, lenye asili ya Kiarabu kwa maana ya moshi, na inalo neno masizi. Anayeondoa masizi hayo hana jina lililozoeleka, kwa kuwa kazi yenyewe hatujaithamini. Napendekeza tumwite msafisha dohani, kisha tumpe mafunzo, vifaa na ujira unaostahili.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya matajiri. Sivyo. Anayeuwasha moto mara nyingi ni mtumishi. Anayelala karibu nao ni mpangaji au mgeni wa hoteli. Na anayevuta moshi wa kuni kutwa kucha ni mpishi wa shule ya bweni ambayo dohani yake imeziba.

Serikali za kaunti zisiidhinishe ramani ya nyumba yenye meko iwapo haionyeshi bitana na mlango wa kusafishia. Vyuo vyetu vya kiufundi vifundishe kazi hii, ambayo ingewapa vijana riziki. Kila mwenye nyumba, hoteli au shule asafishe dohani angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya Juni. Na watoto wasipandishwe humo katu.

Gharama ya burashi na siku moja ya fundi si kitu mbele ya gharama ya jeneza. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa aliyeuawa na gesi usingizini, tiba haipo.