Ukingo wa Paa na Gia ya Kuzungusha



Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo huenda likaonekana geni katika ukurasa huu, nalo ni gia za magari. Dereva wa gari la otomatiki amezoea kwa miaka mingi kuukuta mkono wa gia kati ya viti viwili vya mbele, unaosukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Katika baadhi ya magari ya siku hizi mkono huo haupo. Mahali pake pamewekwa kifundo cha duara, mfano wa swichi ya feni ya ukutani au ile ya jiko la gesi, nacho huzungushwa kutoka herufi moja hadi nyingine: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ambapo gari haliko katika gia yoyote, na D ya kwenda mbele. Jaguar XF iliingia sokoni mwaka 2008 ikiwa na kifundo kinachoinuka chenyewe injini inapowashwa. Range Rover zikafuata, na ndizo tunazokutana nazo katika barabara zetu. Huko Marekani, magari ya Ram 1500 ya toleo la mwaka 2013 yaliwekewa kifundo cha namna hiyo kwenye dashibodi.

Mkono wa zamani ulikuwa na lugha yake. Uliunganishwa na giaboksi kwa waya wa chuma, na dereva alipousukuma hadi mwisho aliusikia ukigota, akajua kwa kiganja chake, pasipo kutazama, kwamba gari limefungwa. Ndani ya giaboksi kijino cha chuma kilikuwa kimeingia katika pengo la gurudumu lenye meno. Kifundo kipya hakina waya huo. Kinapozungushwa hupeleka taarifa kwa umeme kwenye kompyuta, nayo kompyuta huiamuru giaboksi. Kijino bado kipo, lakini mkono hauna tena namna ya kukihisi. Tofauti kati ya P na N imehamia kwenye herufi ndogo inayowaka, na herufi yahitaji jicho. Nalo jicho la mtu anayefika nyumbani saa mbili usiku, mtoto akilia kiti cha nyuma, simu ikiita na mlinzi akifungua geti, mara nyingi liko kwingine.

Hatusemi kwamba kifundo hiki ni kibaya. Hakichukui nafasi kubwa, hakihitaji nguvu, na mzee mwenye maumivu ya bega aweza kukizungusha kwa vidole viwili. Tena kwa kuwa kompyuta ndiyo inayoamuru, gari laweza kufundishwa kumkinga dereva wake; katika Jaguar tuliyoitaja, kuzima injini gari likiwa limesimama hulirudisha katika P. Tatizo letu liko kwingine.

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa mafundisho ya Mtakatifu Thoma wa Akwino kuhusu mazoea, yaani ile hali iliyoota mizizi ndani ya mtu hata akatenda kwa wepesi, pasipo kujadiliana na nafsi yake kila mara, na ambayo haing'oki kwa urahisi. Mtakatifu Thoma alikuwa akiwaza hasa juu ya fadhila na vilema. Hata hivyo, yeyote aliyeendesha gari miaka ishirini anafahamu kwamba mkono wake nao una mazoea, na ni heri kuwa nayo, kwa maana dereva anayefikiri kila anapokanyaga breki amekwisha kuchelewa. Sasa mkono huo huo anapewa mtu mwingine wa kuutawala, yaani kifundo asichokizoea, naye ameketi katika kiti kile kile na kushika usukani ule ule. Kila kitu kinamwambia kwamba yuko nyumbani.

Wenzetu wa Marekani waliliona hili mapema. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, baadhi ya magari yao ya otomatiki yalipanga herufi kwa mfuatano wa P, N, D, L, R, hivi kwamba gia ya kurudi nyuma ilipakana na ile ya nguvu ya kupandia mlima. Dereva aliyetaka nguvu ya kwenda mbele aliweza kujikuta akirudi nyuma. Ralph Nader aliikemea hali hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu usalama wa magari. Tangu tarehe 1 Januari 1968 kanuni ya nchi ile inataka N iwe katikati ya gia za mbele na ile ya kurudi nyuma. Zingatieni, wapendwa, kwamba hawakuishia kuwaambia madereva wawe waangalifu zaidi. Waliwaagiza waliotengeneza gari walipange upya.

Kwa bahati mbaya somo hilo lilisahauliwa kwa kiasi fulani. Mwezi Aprili 2016 kampuni ya Fiat Chrysler iliyaita magari yapatayo milioni 1.1 duniani ili yarekebishwe, miongoni mwake Jeep Grand Cherokee za mwaka 2014 na 2015. Hayo hayakuwa na kifundo. Yalikuwa na mkono wa gia wa umeme ambao kila ukisukumwa hurudi katikati, na hivyo kuondoka kwake au kubaki kwake hakukumwambia dereva lolote. Watu walishuka wakiamini kwamba gari liko katika P. Tarehe 19 Juni mwaka huo huo mwigizaji kijana Anton Yelchin, mwenye umri wa miaka 27, alikutwa amefariki nyumbani kwake Los Angeles, akiwa amebanwa na gari lake lililoserereka kwenye njia ya mteremko. Lilikuwa miongoni mwa magari yaliyoitwa. Mwezi Desemba 2016 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilianza kuyachunguza pia magari yenye kifundo, Ram 1500 na Dodge Durango, yapatayo milioni moja, kutokana na malalamiko 43 yaliyotaja ajali 25 na majeruhi 9.

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 aya ya 8, Musa anamwagiza kila ajengaye nyumba mpya azungushie paa lake ukingo, asije akaibebesha nyumba yake damu ya mtu atakayeanguka. Mapaa ya wakati ule yalikuwa bapa. Watu walipumzika juu yake, wakaanika nafaka, wakalala wakati wa joto. Kila mtu alijua kwamba paa lina mwisho. Mwenye nyumba angeweza kujitetea kwamba mgeni ana macho, na hoja yake ingekuwa na ukweli ndani yake. Torati haikuikubali. Yaliyokwisha kujulikana kuhusu wanadamu, kwamba husinzia, hugeuka wakiitwa, hutembea gizani, yanakuwa sehemu ya wajibu wa fundi. Kijijini twamjua utingo wa lori: gari likisimama mlimani, huruka chini na kuweka jiwe nyuma ya tairi kabla dereva hajazima injini. Hamdharau dereva wake. Anaweka ukingo.

Kwetu hapa, ajali inapotokea, mara nyingi taarifa huhitimishwa kwa maneno matatu: uzembe wa dereva. Maneno hayo yanapendeza kwa kuwa yanamaliza mambo. Mwenye gari hana deni, muuzaji hana deni, mtengenezaji aliye mbali hata hafahamu kwamba kuna jambo. Anayebaki ni kijana wa watu aliyekabidhiwa funguo asubuhi, akaambiwa ampeleke mama hospitali, naye tangu ajifunze udereva hajashika gari lisilo na mkono wa gia. Kitabu cha maelezo kimo kwenye droo ya gari, katika Kiingereza cha mafundi, au hakimo kabisa. Mengi ya magari yaliyokwisha kutumika Japani huja na maandishi ya onyo kwa Kijapani, na yapo yanayomsalimu dereva kwa Kijapani kila anapowasha injini. Tumekwisha kuyazoea hata hatujiulizi yanatuambia nini.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, inafundisha kwamba uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake waweza kupungua, au hata kuondoka, kwa sababu ya kutojua, kutokutambua, na mazoea, pamoja na mambo mengine. Ni kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya dereva wetu. Sisi tulio katika huduma ya kitubio twafahamu jinsi watu wanavyobeba ajali kwa miaka mingi kama dhambi ya mauaji, wakirudia kuiungama, ilhali hapakuwa na nia wala dharau. Tungependa watu hao waisome namba hiyo.

Lakini namba inayofuata, 1736, yatuzuia tusikimbilie upande wa pili. Inasema kwamba tendo laweza kuhesabiwa kuwa la mtu kwa njia isiyo ya moja kwa moja, pale linapotokana na uzembe juu ya jambo alilopaswa kulijua au kulitenda, na mfano inaoutoa ni huo huo wa ajali ya barabarani, inayotokana na kutojua sheria za barabara. Hivyo neno uzembe lina mahali pake. Tunachouliza ni kwa nini liishie kwa aliyeshika usukani. Yule aliyenunua gari la kigeni, akajua kwamba gia yake ni ya namna nyingine, na asitumie hata nusu saa kumwelekeza dereva wake, naye alipaswa kutenda jambo. Ni maoni yetu kwamba kumkata mshahara au kumfukuza kazi dereva ambaye hakuelekezwa ni dhuluma, hata kama mkataba unaruhusu.

Kwa dereva mwenyewe, ukingo anaoweza kuuweka leo upo, na hauna gharama. Gari likishasimama, mguu ubaki kwenye breki, avute breki ya mkono, au abonyeze kitufe chake kama ni ya umeme, hata pale panapoonekana tambarare, aweke P, aitazame herufi kwa macho, azime injini, ndipo aachie breki polepole aone kama gari linatulia, na baada ya hapo afungue mlango. Afanye hivyo kila mara kwa mfuatano huo huo, hata mkono wake upate mazoea mapya. Mwanzoni utakuwa mzigo, hasa mbele ya abiria wenye haraka.

Dominika ijayo, baada ya Misa ya pili, tutabariki magari na pikipiki kama ilivyo desturi. Waamini wenye magari ya gia za kuzungusha tunawaomba waje pamoja na madereva wao, na wafike mapema kidogo. Uwanja wa nyuma ya ukumbi ni tambarare na hauna watoto saa hizo, na panafaa kwa mwenye gari kukaa kiti cha abiria akamwelekeza dereva wake mara kadhaa, kabla hatujafika na maji ya baraka.