Ukurasa wa Fasihi na Mhariri Wake Wakati wa Mapinduzi

Imekuwa desturi katika madarasa ya fasihi kumweleza mhariri wa ukurasa wa fasihi gazetini kama karani tu. Hupokea mashairi, huhesabu mizani, huweka kando yaliyokosa nafasi, na jina lake halitajwi popote. Zinapotajwa siku za mapinduzi, karani huyo huongezewa kazi moja, nayo ni kuchagua yale yanayosifu. Wako wanaoilaumu kazi hiyo, wakisema ilikuwa kupiga tarumbeta ya serikali. Wako wanaoitetea, wakisema taifa changa haliwezi kuvumilia kelele ndani ya nyumba yake. Lakini pande zote mbili zimekubaliana, bila kujua, kwamba wakati wa mapinduzi mhariri wa fasihi hana kazi nyingine. Fikira hiyo ni ya uongo, na madhara yake hayakuishia vitabuni. Dodoma na uwanda wote wa kati ni ushahidi.

Yafaa kuanza na mwana wa nchi hiyo mwenyewe. Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, karibu na mji wa Dodoma, mwaka 1917, ilipoanza ile njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, na mwaka 1963 ikatoka diwani yake. Mgogo wa bara aliyeushika ushairi wa pwani hata wenyewe wa pwani wakamkubali, huyo si mtu wa kudharauliwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Rais Nyerere aliwakutanisha washairi mwaka 1968 akawataka waipeleke siasa ya Ujamaa kwa wananchi. Mnyampala aliitika. Ngonjera zake, alizozitunga kwa ajili ya chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, zilichapishwa katika vitabu viwili, mwaka 1970 na 1971. Mwenyewe alikwisha kufariki mwaka 1969.

Ngonjera ni majibizano. Mmoja hasadiki, mwingine amekwisha kuelewa. Wanapokezana beti mpaka yule asiyesadiki akiri kwamba amekosea. Watoto wa shule walizikariri nchi nzima, na hapana shaka ziliwafunza wengi Kiswahili safi. Lakini umbo lake lina jambo la kuangaliwa. Mpinzani hupewa beti, hapewi hoja. Yumo ili ashindwe, na msikilizaji ajua tangu ubeti wa kwanza kwamba atashindwa. Mtunzi hastahili kulaumiwa peke yake kwa hilo, kwa maana kila mtunzi aweza kuchagua upande. Swali lenyewe lawahusu wahariri wa magazeti na vitabu vya siku zile: nani miongoni mwao aliweka, kando ya ngonjera, ukurasa ambao mpinzani wa kweli angeandika kwa kalamu yake mwenyewe?

Jibu la kawaida ni kwamba mapinduzi hayakuwa na mfano wa kazi kama hiyo. Mfano ulikuwapo, tena katika nchi ambayo Tanzania ilikuwa rafiki yake mkubwa. China ilifanya mkataba wa urafiki na Tanzania mwaka 1965, ikajenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, na kijitabu cha nukuu za Mao kikapigwa chapa kwa Kiswahili. Nukuu zilifika, lakini habari za mwanamke aliyeusimamia ukurasa wa fasihi wa gazeti la chama cha Mao hazikufuatana nazo.

Mwanamke huyo ni Ding Ling. Alizaliwa mkoa wa Hunan mwaka 1904, na kufikia mwaka 1928 alikwisha kuwa mashuhuri kwa hadithi zake za wasichana wa mjini. Mwaka 1931 mumewe, mshairi Hu Yepin, aliuawa na serikali ya Guomindang. Mwaka huohuo Ding Ling akashika uhariri wa jarida la waandishi wa mrengo wa kushoto lililoitwa Beidou. Mwaka 1933 alitekwa Shanghai akawekwa kizuizini Nanjing, na mwaka 1936 akatoroka akajiunga na wakomunisti kaskazini. Basi asiitwe mgeni wa mapinduzi, wala mtu wa kuyaangalia kwa mbali. Mwaka 1941, gazeti la chama la Jiefang Ribao lilipoanzishwa mjini Yan'an, yeye ndiye aliyepewa ukurasa wa fasihi.

Jinsi alivyoutumia ukurasa ule ndiyo hoja yenyewe. Oktoba 1941 aliandika kwamba insha fupi kali, za aina aliyoiandika Lu Xun, bado zilikuwa na kazi hata katika nchi iliyokombolewa, kwa sababu nchi kukombolewa si sawa na maovu kwisha. Tarehe 9 Machi 1942, siku moja baada ya Siku ya Wanawake, akatoa insha yake mwenyewe juu ya hali ya wanawake wa Yan'an. Alionyesha kwamba mwanamke asiyeolewa husengenywa, aliyeolewa akazaa na kulea huambiwa amerudi nyuma kisiasa, na kwa neno hilohilo mume hupata sababu ya kumwacha. Hakusema mapinduzi yavunjwe. Alisema yatimize ahadi yake. Siku chache baadaye ukurasa huohuo ukachapa insha ya Wang Shiwei iliyolaumu tofauti ya vyeo, ya chakula na ya mavazi kati ya wakubwa na wadogo.

Mei 1942 Mao aliwaita waandishi katika mkutano, akawaeleza kwamba fasihi sharti iitumikie siasa ya chama. Wang Shiwei alishambuliwa, akafungwa, na mwaka 1947 akauawa; chama hakikulisafisha jina lake mpaka mwaka 1991. Ding Ling alikiri makosa, na Juni 1942 akasimama hadharani kumlaumu Wang Shiwei. Jambo hili halifai kufichwa na yeyote anayemsifu. Lakini lafundisha zaidi kuliko sifa, kwa kuwa laonyesha kwamba mhariri asiyelindwa na kanuni hufika siku akageuzwa silaha dhidi ya mwandishi aliyechapwa katika ukurasa uleule. Wala utii haukumwokoa. Mwaka 1951 riwaya yake ya mageuzi ya ardhi ilipata Tuzo ya Stalin. Mwaka 1957 alihukumiwa kuwa adui wa mrengo wa kulia, akapelekwa kwenye mashamba ya kaskazini kabisa, na kutoka mwaka 1970 hadi 1975 akawa gerezani. Jina lake lilisafishwa mwaka 1979, miaka saba kabla ya kufa kwake.

Watetezi wa ukimya wana hoja moja nzito, nayo yafaa kupewa haki yake. Wasema Yan'an ilizungukwa na maadui, na kwamba Guomindang iliichukua insha ya Wang Shiwei ikaieneza ili kuwacheka wakomunisti. Hayo ni kweli. Wasema pia Tanzania ya mwaka 1970 ilipakana na Wareno wa Msumbiji, na nyuma yao walikuwapo makaburu. Hayo nayo ni kweli. Lakini adui hakuubuni upungufu wa chakula cha wadogo, aliukuta. Anayezuia lawama kuandikwa huacha kosa lilelile mahali pake, na huwanyima wenye nia njema nafasi ya kulijua mapema.

Tanzania yenyewe ilijaribu njia nyingine, ikaiacha. Tarehe 5 Februari 1970 gazeti la The Standard lilitaifishwa, na Nyerere akamweka mwanamke kuwa mhariri mtendaji wake, naye ni Frene Ginwala, mkimbizi wa Afrika Kusini aliyewahi kuhariri jarida la Spearhead mjini Dar es Salaam. Halikuwa gazeti la fasihi wala la Kiswahili, lakini mkataba ambao Rais aliliandikia uligusa jambo hilihili: gazeti liwe la kijamaa, na wakati huohuo liwe huru kukosoa utekelezaji. Julai 1971 Nimeiri aliwanyonga viongozi wa wakomunisti wa Sudan. Gazeti likakemea katika tahariri yake, na muda si mrefu Ginwala akaondolewa. Uhuru ule ulidumu mwaka mmoja na nusu hivi. Rais aliyeuandika mkataba ndiye huyohuyo aliyekuwa na mamlaka ya kumwondoa mhariri, na hapakuwa na wa tatu wa kuamua kati yao.

Mwaka huohuo wa 1971 ndio uliokuwa mwaka wa Operesheni Dodoma. Februari, Mwongozo wa TANU ulikuwa umewakataza viongozi majivuno na uonevu. Kisha watu wa Ugogo, waliozoea kukaa katika tembe zilizotawanyika karibu na mashamba na malisho yao, wakahamishiwa katika vijiji vya pamoja. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, maji, na kinga ya njaa. Lakini vijiji vilipokusanywa, mashamba na malisho ya wengi yalibaki mbali. Mwendo huo mrefu ulimwangukia nani? Katika nchi ambayo maji, kuni na jembe ni kazi ya mwanamke, jibu halihitaji utafiti. Mwanamke wa Kigogo alikuwa na neno la kusema, na hakukosa ufundi wa kulisema, kwa maana ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, na ndani ya wimbo mna nafasi ya sifa na ya lawama. Alichokosa ni ukurasa, na mhariri wa kumwambia neno lake litachapwa. Magazeti makubwa yalikuwa Dar es Salaam, na washairi wake walikuwa wanaume kwa wingi. Katika ngonjera, asiyetaka kuhamia kijijini alikuwa mtu mjinga wa kuelimishwa kwa beti. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kukaa katika vijiji ni lazima kwa nchi nzima, na yaliyojifunzwa na wanawake wa Dodoma kwa miguu yao hayakuwa yameandikwa mahali ambapo wengine wangeyasoma.

Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba ukurasa mmoja wa fasihi ungeibadilisha siasa ya nchi. Lakini ni kosa kusema kwamba kukosekana kwake hakukugharimu kitu. Kwa hiyo somo la fasihi ya Ujamaa katika vyuo vya leo, na hasa katika Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 juu ya nchi hiyohiyo, halitakamilika kwa kuhesabu vina vya Mnyampala peke yake. Kurasa za mashairi za Uhuru na za magazeti mengine zikusanywe na kusomwa kama kazi ya wahariri, na iulizwe nani alikuwa na mamlaka ya kukataa, na nani hakualikwa kabisa. Wazee wa kike wa vijiji vya mwaka 1971 waulizwe wangali hai. Na kila jarida linalotaka kuitwa la fasihi, popote katika uwanda wa kati, limpe mhariri wake kanuni iliyoandikwa itakayomlinda siku atakapochapa lisilopendwa na wakubwa. Ding Ling hakuwa nayo. Mkataba aliokuwa nao Ginwala haukutosha.