Baba watoto, karatasi hiyo usiifiche

Akina baba, mwezi huu naongea na ninyi, na wake zenu wakisoma si vibaya. Nawajua. Mkipimwa damu ya tezi dume, ile PSA, mkaambiwa imezidi 4, karatasi inaishia chini ya godoro. Mama watoto haambiwi kitu. Anaona tu mwenzie halali usingizi na mapenzi yamepoa, basi anaanza kuwaza nyumba ndogo!

Jamani, namba ile si hukumu. PSA hupanda hata tezi ikikua kwa umri tu, au kukiwa na maambukizi. Hata tendo la ndoa la jana yake linaweza kuipandisha, ndiyo maana mnashauriwa kupumzika siku 2 kabla ya kipimo. Wenye PSA kati ya 4 na 10, takriban mmoja kati ya 4 ndiye hukutwa na saratani.

Sasa huyo mmoja ni nani? Hilo halijibiwi na muuza mizizi. Muone daktari bingwa wa njia ya mkojo. Atarudia damu, atapima kwa kidole (dakika haiishi, na uanaume haupungui), ikibidi utapigwa picha ya MRI na kuchukuliwa vinyama vya kupima. Saratani hii mwanzoni haiumi, kwa hiyo usiniambie unajisikia mzima.

Na nendeni wawili. Mama atayashika aliyosema daktari, wakati wewe bado unatazama pangaboi.