Elimu ya Sayansi kwa Binti Zetu

Mwezi huu twapenda kusema na wazazi wa Kiislamu wa Mbeya na Iringa, pamoja na vijana wao, juu ya jambo litokealo kila mwaka nalo hunyamaziwa. Binti aingia Sekondari, asoma vizuri, hata ufikapo wakati wa kuchagua masomo, aambiwa, "Fizikia na Kemia ni za wavulana." Naye huyaacha. Siku hiyo hapana kilio wala matanga, lakini milango imekwisha kufungwa: udaktari, uhandisi, ufundi wa maabara.

Wako wasemao kwamba dini ndiyo iliyokataza. Sivyo. Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) ilikuwa kusoma. Tena Bibi Shifaa binti Abdullah, katika Masahaba, alijua kuandika na kutibu. Mtume akamtaka amfundishe Bibi Hafsa tiba yake kama alivyomfundisha kuandika. Ikiwa mke wa Mtume alifundishwa, nani awezaye kuwakataza binti zetu?

Wengine husema hapana pa kumpeleka. Nalo si kweli. Chuo cha Ufundi cha Mbeya, kilichoanzishwa mwaka 1986, kimekuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu mwaka 2012, na hupokea hata waliomaliza Kidato cha Nne kwa masomo ya Stashahada. Iringa kuna Chuo cha Mkwawa, ambacho tangu mwaka 2005 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nacho hutoa walimu, wa sayansi wakiwamo. Ada katika shule za Serikali iliondolewa hadi Kidato cha Nne mwaka 2016, na Kidato cha Tano na cha Sita mwaka 2022.

Basi kizuizi kiko wapi? Kimo majumbani mwetu. Jioni kaka ashika kitabu. Dada ashika ndoo, kisha sufuria, kisha mtoto mchanga. Apatapo nafasi, usingizi umekwisha kumshinda. Akianguka mtihani, twasema wasichana hawana kichwa cha hesabu, kumbe hakupewa hata saa moja! Ndipo hutokea mtu atafutaye mtumishi wa nyumbani wa kumpeleka Dar es Salaam, na binti wa Iringa hupandishwa basi. Apandishwaye si mtoto wa tajiri. Ni yatima, au mtoto wa mkulima maskini. Hao ndio tunaowasemea zaidi.

Twaomba mambo matatu. Kwanza, kazi za jioni zigawanywe kati ya mwana na binti. Pili, sisi walimu wa madrasa tupange saa zetu zisigongane na masomo ya shule, na darsa likiisha, jengo liachwe wazi wasichana wapate taa na utulivu. Wengi wetu hatukusoma Kemia, lakini kuwasha taa twaweza. Tatu, mzazi asikubali binti aache sayansi kabla ya kuonana na mwalimu wake.

Nanyi mabinti, msiyaache masomo hayo kwa maneno ya watu.

Sote twapenda wake zetu watibiwe na daktari mwanamke. Tukiwazuia binti zetu, daktari huyo atatoka nyumba ya nani?

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.