Kuchambua Upesi na Kuchambua Vema

Mwezi uliopita katika chama chetu cha sayansi mwenzangu mmoja alisimama akasema kwamba nchi isiyo na mashine za kuchambua seli kwa leza haina la kufanya katika elimu ya vimeng'enya ila kungoja. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na yafaa nieleze sababu.

Kwanza nakiri kwamba mashine hizo ni za ajabu. Kimeng'enya ndicho kinachoharakisha kazi za kikemia katika kiumbe, kama kusaga chakula tumboni. Wataalamu wakitaka kukiboresha hubadili jeni yake ovyo ovyo, wakapata namna nyingi mno, kila moja ndani ya seli yake ya hamira au bakteria. Kisha huchagua zilizo bora na kurudia tena. Kwa kazi hiyo Bibi Frances Arnold wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Taabu iko katika kuchagua. Nani atapima seli milioni kwa mkono?

Mwaka 1965 Mack Fulwyler, huko Los Alamos, alitangaza mashine inayopitisha seli katika uzi mwembamba wa maji. Uzi hukatika matone, na tone lenye seli inayotakiwa hutiwa umeme likavutwa kando. Baadaye Leonard Herzenberg na wenzake wa Stanford wakachagua seli kwa mng'ao wake. Mwaka 2010 watafiti wengine walifungia seli za hamira katika matone madogo ndani ya mafuta, pamoja na dawa inayong'aa kimeng'enya kinapoigusa. Mafuta huzuia mng'ao wa tone moja usivujie jirani. Kwa saa 10 walipima kama milioni 100, wakapata vimeng'enya vyenye nguvu zaidi ya mara 10 kuliko kile cha kwanza.

Sasa nije kwetu Rusizi. Likizo iliyopita nilichambua kahawa katika kituo kimoja cha kuoshea. Tulisimama mezani, akina mama na sisi vijana, tukitoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa. Nilikuwa mwepesi, nami nikajisifu. Mama mmoja akacheka: "Mwanangu, mikono unayo, lakini ile ya kiazi huioni." Alisema kweli. Kahawa yetu ya Rwanda ina kasoro iitwayo ladha ya kiazi, nayo huhusishwa na mdudu antestia anayetoboa tunda. Punje yaweza kuonekana safi kabisa. Ikiisha kukaangwa na kusagwa, yanuka kiazi kibichi. Hata ningekuwa na mikono kumi ingenipita, maana macho yangu yalitafuta kingine.

Leza nayo ni vivyo hivyo. Haioni kimeng'enya kizuri. Huona mng'ao tu. Tuseme twataka kimeng'enya cha kuyeyusha ule utelezi unaozunguka punje ya kahawa. Utelezi wenyewe haung'ai, basi huwekwa badala yake dawa inayofanana nao. Seli zikichaguliwa kwa dawa hiyo kizazi baada ya kizazi, zaweza kuwa hodari kwa dawa na dhaifu kwa utelezi. Wenye kazi hii wenyewe husema kwamba utapata kile ulichokipima. Hapo mashine ya upesi itakukosesha upesi zaidi.

Sisemi mashine isinunuliwe (ikija nitakuwa wa kwanza mlangoni). Nasema kupanga swali hakungoji mashine. Utelezi wa kahawa una pektini, na katika mabirika ya kituo wamo vijidudu wanaouyeyusha usiku kucha. Tukipaka maji ya birika juu ya sahani ya agari yenye pektini, tukangoja vijidudu waote, kisha tukamwagia iodini, walio na kimeng'enya hicho wataonekana katikati ya duara jeupe. Hao tutawajaribu juu ya utelezi wenyewe. Tutapima makumi tu, si mamilioni. Lakini tutajua tunapima nini.

Mwalimu wetu amekubali kutupa iodini na sahani 12. Wanafunzi wa zamani mnaokaa karibu na vituo vya kuoshea, tuleteeni chupa ya maji ya birika, iliyochotwa asubuhi kabla kahawa haijaoshwa, nanyi andikeni juu yake siku na mahali.